Hotuba ya Mheshimiwa Prill Kwenye Uzinduzi wa Kituo cha Taa za Bangi ya Nyumbani, Krahnstedt

Mheshimiwa Meya, ambaye hakuweza kufika kwa kuwa hakuambiwa. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, Barabara na Mambo Mengineyo. Ndugu Kamanda wa Zimamoto, mwenye ukumbi huu na mwenye mapipa ya bia yale pale nyuma. Mchungaji wetu mpendwa, uliyesema umefuata soseji tu na sisi tukakuamini. Wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana: mimi, Ottokar Prill, Diwani wa Kata ya Kusini, Mjumbe wa Kamati Ndogo ya Mwangaza na Mwenyekiti wa kamati inayoisimamia kamati hiyo, nawasalimu. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mke wa Mheshimiwa.)

Ndugu wananchi, tangu wakubwa kule Berlin waruhusu kila mtu mzima kuotesha mimea mitatu ya bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, ofisi yangu, kwa kutumia mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu, na baada ya upembuzi yakinifu uliochukua awamu kadhaa na chakula cha mchana katika kila awamu, ilibaini changamoto moja kubwa, nayo ni kwamba ndani ya nyumba hakuna jua. (Sauti: "Hongera kwa ugunduzi!" Kicheko.) Asante sana. Tena asilimia tisini na kitu ya wananchi waliohojiwa, nikiwemo mimi na dereva wangu, walikiri kwamba hawajui wachague taa gani. Ndipo likazaliwa wazo la Kituo, ambamo mwananchi wa kipato cha kawaida ataingia, atasikilizwa, na atatoka na taa inayoitosha mimea yake bila kumwachia bili ya umeme ya kumlaza hospitali.

Ili mwelewe uzito wa jambo hili, nitawatolea mfano wa Bi Roswitha Kempff, yule pale mstari wa mbele. Usijifiche, mama. (Bi Roswitha: "Sijifichi, nakula.") Wengi wenu aliwabeba kwenye tramu aliyoiendesha hadi alipostaafu, na mnajua baridi yabisi ilivyomkakamaza vidole, akawa hawezi kufunga vifungo vya koti lake mwenyewe. Daktari wake akasema bangi kidogo jioni haitamdhuru, huenda ikampunguzia maumivu. Basi mama akaotesha mimea yake mitatu kwenye dirisha la jikoni, mwezi wa Novemba, na nyote mnaijua Novemba yetu isiyo na jua. Mimea ikarefuka na kulegea kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Akaja ofisini kwangu.

"Mheshimiwa," akaniambia, "nataka taa. Isiwe kidude cha kuidanganya mimea, wala isiwe dubwana la kunilia pensheni."

Sasa, ndugu zangu, kiongozi asiye na maono angemuuliza pale alipokusudia kuiweka pana upana gani. Mimi sikumuuliza. Nilimkabidhi, mbele ya mpiga picha, taa moja kubwa ya ule uwanja wa mpira wa zamani, kwa imani kwamba mwananchi wetu hastahili kidogo. (Sauti kutoka nyuma: "Lifti! Tusimulie ya lifti!") Nitafika kwenye lifti, Bwana Wuttke, kila jambo na awamu yake.

Jumapili iliyofuata, wakati jengo zima analoishi mama lina nyama kwenye oveni, nilikwenda kwake na keki mkononi kupigwa picha ya pili, chini ya taa ikiwaka. Bi Roswitha akaiwasha kunikaribisha, na umeme ukakatika kuanzia chini hadi darini, nami nikapata fursa ya kufanya tathmini ya kina ya lifti, kutokea ndani, katikati ya ghorofa mbili. (Kicheko kirefu. Mtu anapiga meza.) Cheka tu, Mchungaji. Lakini kutokea mle nilisikia kila kitu. Nilimsikia Egon Wuttke, jirani wa mama wa ghorofa ya chini, huyuhuyu anayepiga meza, akipanda ngazi kwa kishindo.

"Roswitha! Bata wangu yuko nusu mbichi! Na mwenye nyumba nimeshampigia. Kasema ukirudia, anakung'oa wewe na majani yako!"

"Ing'oe wewe basi," mama akamjibu. "Mimi mikono yangu haiwezi hata hilo."

Halafu nikamsikia akilia. Mimi nilikuwa na keki tu.

Egon akaingia ndani, akatazama ile mimea, iliyokuwa imeungua kingo kama mkate uliosahaulika kwa siku chache tu chini ya taa ile, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Sogea, mama. Hii si taa, hili ni jiko."

Kesho yake wakaenda dukani pamoja. Na hata wao walikosea mara ya kwanza, jambo linalothibitisha ugumu wa sekta hii: walibeba boksi la bei ya kutupa lililoandikwa wati elfu moja kwa maandishi ya dhahabu, kumbe taa yenyewe inavuta umeme kama ya kusomea kitandani. Wakairudisha. Safari hii wakapima kwanza kabati la nguo la mama, wakamuuliza muuzaji taa inavuta umeme kiasi gani hasa ukutani, wakachukua ya LED, ya kadiri, iliyotumika kidogo. Kabati wakalipaka rangi nyeupe ndani ili mwanga usipotee, wakalitia kufuli, wakaining'iniza taa kwa kamba: majani yakijikunja wanaipandisha, mashina yakirefuka ovyo wanaishusha. Mwenye nyumba alikuja amekunja uso, akaitazama mita ya umeme ikijivuta taratibu, akaondoka amebeba kipande cha keki yangu.

Mimea ikakomaa, bangi ya jioni ikapatikana, na leo Bi Roswitha amefunga koti mwenyewe! (Bi Roswitha anasimama, anafungua kifungo kimoja, anakifunga tena, polepole. Ukumbi mzima unasimama na kushangilia. Egon anapenga kamasi.) Shangwe hizo nazipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Nikisema Krahnstedt, mseme "Iangaze!" Krahnstedt! ("Iangaze!") Taa! ("Inayotosha!") Bei! ("Ya soseji!") Siyo hivyo, lakini inatosha.

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wataalamu wa Kituo, ambao wataajiriwa. Nalishukuru jengo la Kituo, ambalo mchakato wake unaendelea vizuri tangu kiwanja kigundulike kuwa ni mto. Naishukuru bajeti ya Kituo, ambayo ndiyo hizo soseji mnazokula. Na taa hii nzuri inayoning'inia juu ya kichwa changu, ambayo wengi mmeisifia mkidhani ndiyo ya Kituo, kwa kweli tumeiazima kwa—

(Bi Roswitha: "Mheshimiwa, niwie radhi, mimea yangu mipya kabatini inaisubiri." Anachomoa plagi. Jukwaa linaingia giza. Egon anashusha taa. Mheshimiwa anaendelea kushukuru.)