Fime Nyeusi ya Mama Shu

Mji ulikuwa umebadilisha watawala majuzi, na redio ilikuwa imetoka tu kutangaza: tangu leo, vioo vyeusi ni marufuku kwa gari zote za Goma, isipokuwa za machef, wakubwa wa jeshi. Pale kwa Annonciata, muuza chai wa Majengo, macho yote yakamgeukia Ernestine. Wanamwita Mama Shu kwa sababu ya kabichi anazopakia Kibumba. Minibasi yake ilisimama mbele yao imejaa shu hadi darini, pazia limetundikwa nyuma ya kiti cha dereva, na Benny, fundi wa fime, zile karatasi nyeusi za vioo, alikuwa ametoka kuibandika kwenye kioo cha mwisho.

"Bandua, Benny," akasema Nsanzimana, aitwaye Volkano kwa hasira zake. "Watafunga mama wa watu."

"Abandue?" Ernestine akaruka. "Ku bariyeri askari wakiona shu, wanajichukulia. Juzi nilitoka Kibumba na mzigo, nikafika soko na harufu tu!"

"Basi aweke ya rangi ya chai," akasema Nsanzimana.

"Ya chai wanafanya hivi," Benny akakinga macho kwa viganja, "wanaona hata shu yenye mududu. Hii nimeweka inaitwa Lava. Jua lenyewe linabisha hodi."

"Na mulima ikitapika moto tena?" Nsanzimana akauliza. " Mama atakuwa ndani anasema, ah, leo magaribi imewahi!"

"Ikitapika, papa, nitasikia kishindo chako," Ernestine akamjibu. " Mara ile ulikimbia mpaka Sake na kiatu kimoja."

"Kingine nilikuachia."

Jean de Dieu, aliyesoma sheria mwaka mmoja akabaki na jina la Avocat, yaani wakili, akainua kikombe. "Munakosa logique. Redio inasema vyeusi ni vya machef. Sasa mwenye vyeusi ni nani?"

"Ni mufungwa," akasema Nsanzimana.

"Ni chef! Wamemupandisha mama grade bure."

Kicheko kilikatika. Askari mwenye bunduki alikuwa amekata kona. Akaitazama minibasi, akagonga visigino, akapiga saluti. Minibasi kimya. Naye akabaki vilevile, mkono usoni, akingoja ruhusa ya kuushusha.

"Shu haijui kujibu," Nsanzimana akanong'ona. Avocat akakumbuka ghafla ana mgonjwa hospitali.

Lakini jua lilikuwa linapanda na kabichi zinalegea. Ernestine akainuka, akaiendea minibasi.

"Mama, rudi nyuma!" askari akamkemea. "Chef iko ndani."

"Najua. Mimi njo shofa wake."

"Mbona hanijibu?"

"Amelala. Kama uko na roho, umuamushe wewe."

Askari akarudi hatua. Ernestine akajipenyeza kwenye kiti, akawasha mota. Yule askari kijana akasogea kwenye kioo, sauti chini kama anaungama.

"Samahani, mama. Ni chef wa upande gani? Wa bale ba zamani, ao hawa ba sasa?"

Ernestine akamtazama toka kofia mpaka buti.

"Ni wa bale benye unaogopa."

Saluti ya pili ilipigwa kwa nguvu hata kofia ikaanguka.