Umuvure wa Mama Mkwe na Hiace Tatu

Jumatatu, 9 Julai 1990

Leo nimedhalilishwa na kabureta. Nimeiosha asubuhi nzima kwenye nusu pipa langu, nimeisugua kwa brashi mpaka mkono umekufa ganzi. Imetoka chafu kuliko ilivyoingia! Évode, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama mlangoni pake akitazama. Alicheka kidogo, akaendelea kuwasimulia watu habari za Kameruni kwenye Kombe la Dunia, kana kwamba mabao yale aliyafunga yeye.

Niandike hali ilivyo. Mzee Silvère, Mrundi muuza dagaa na vitenge, ana Hiace tatu za abiria na hana fundi. Anataka fundi mmoja wa kuzishika zote. Hapa Rwezamenyo, Kigali, tumebaki wawili, mimi na Évode. Évode ana sakafu ya saruji na kibao chenye jina lake. Mimi nina ua wa nyuma, mparachichi, na mafuta ya taa meusi kama kahawa. Silvère aliwahi kuipoteza injini nzima kwa sababu ya chembe za mchanga, na tangu siku hiyo hamwamini fundi mpaka aone anaoshea wapi vyuma vyake. Kwa Évode ameshapita. Kwangu atakuja Jumanne ijayo, na kabureta mkononi.

Nikizipata Hiace tatu, mimi ni mtu. Nisipozipata, nitazeeka nikitengeneza pikipiki za makatekista.

Jumanne, 10 Julai

Nimelijua tatizo! Uchafu ukitoka kwenye chuma unalala chini ya pipa, halafu brashi inauamsha tena. Dawa yake wavu. Chuma kikae juu ya wavu, uchafu uanguke chini na uachwe ulale. Akili gani hii! Wavu nimeukata kwenye banda la kuku.

Jioni. Wavu unafanya kazi vizuri sana. Kuku hawapo. Watatu wameonekana kwa Évode, naye amewarudisha mwenyewe, mmoja mmoja, kupitia mlango wa mbele ili majirani wote wahesabu. Mke wangu Xavérine ameniuliza kama Hiace hutaga mayai. Mwanamume mwenye mipango hajibu maswali ya kuku.

Alhamisi, 12 Julai

Pampu! Nimeing'oa kwenye Datsun iliyokufa nyuma ya choo. Nimeiunganisha na betri, nikafunga mpira, na mwisho wa mpira nikafunga brashi. Mafuta yanavutwa upande huu, yanarushwa kwenye chuma, yanarudi yalikotoka. Dakika nne za furaha. Ya tano, kutu ya pipa ikaziba pampu, mpira ukafyatuka, shuka zote zilizoanikwa zikaoga mafuta ya taa. Nilimwambia Xavérine kwamba mafuta ya taa huua kunguni. Akasema nyumba hii haijawahi kuwa na kunguni, ina mimi tu.

Basi adui ni pipa. Lina kutu, lina kona, tena fupi. Ninachotaka ni chombo kirefu, laini, kisichoshika kutu, chenye tumbo la mviringo ili uchafu uteremke wenyewe hadi mwisho. Kigali nzima hakuna. Mfinyanzi hulia gaeni.

Ijumaa, 13 Julai

Kipo! Kimekuja chenyewe, juu ya pikapu, kutoka Masaka, nje kidogo ya mji.

Mama mkwe, Gahongayire, ameniletea umuvure wake, ule mtumbwi wa mti ambamo ndizi hukamuliwa na maji yake hulazwa mpaka yawe urwagwa, pombe ya ndizi. Umepata ufa. Anaomba niuzibe na kuufunga ukanda wa bati, maana Jumamosi ya tarehe 21 wanakuja kumposa Mutoni, mdogo wake Xavérine, na posa bila pombe ya nyumbani ni mkutano tu. Umuvure utafuatwa Jumanne. Na mposaji ni nani? Mpwa wake Silvère! Mkuu wa wageni atakuwa Silvère mwenyewe. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Ufa nimeumaliza kwa saa moja. Sasa umuvure uko hapa uani. Mrefu kama kitanda. Laini. Hauna kutu wala kona. Utakaa bure hadi Jumanne, na kesho Xavérine anakwenda Masaka kumsaidia mama yake kuvundika ndizi.

Lakini mimi ni mtu wa heshima. Kwetu mkwe hata jina la mama mkwe halitaji ovyo, sembuse kuchezea chombo chake. Nimeliandika hili ijulikane kwamba nilifikiria.

Jumamosi, 14 Julai

Nimemimina mafuta saa tatu asubuhi.

Jamani! Upande mmoja nimeuinua kwa tofali mbili. Wavu juu, pampu chini, na kwenye mdomo wa pampu soksi yangu ya kuendea misa kama chujio. Mafuta yanashuka taratibu, uchafu unajikusanya mwisho kama watu wanaosubiri mgao, na juu yanabaki masafi kabisa. Pistoni nne, gia, hata shafti ndefu ya Datsun, vyote vimeoga na kutoka vinameta. Nilikaa nikaviangalia. Machozi yalinilenga, na si kwa sababu ya mafuta.

Jumanne, 17 Julai

Silvère amekuja. Kingo za umuvure nilikuwa nimezivika bati na juu nimetandika turubai, maana kwao Burundi wanaijua mivure tangu utotoni. Nilimwambia ni mashine, nimeitengeneza mwenyewe. Kabureta yake iliingia kama kipande cha mkaa, ikatoka inang'aa. Akapitisha kidole ndani. Akakitazama kidole kwenye jua. Akakinusa, akakifuta. Mwishowe akasema wazi kwamba kwa Évode hajaona kitu kama hiki. Atatoa neno lake Jumamosi, tutakapokutana kama wakwe. Évode alikuwa mlangoni pake, na safari hii hakucheka!

Pikapu ikafika alasiri, Xavérine ndani yake. Nilikuwa nimeshaumwaga na kuuosha umuvure mara tatu, kwa Omo, majivu na ndimu. Nimenusa. Hakuna harufu. Ni kweli pua yangu imekaa gereji miaka ishirini, ndiyo maana nikamwomba na Xavérine anuse. Alisema unanuka kama mimi. Nikamwambia umeshikwa na mikono yangu, utanukaje vingine? Akaridhika, nami nikaridhika.

Ijumaa, 20 Julai

Habari kutoka Masaka. Pombe imechachuka vizuri. Mama mkwe anafurahi mno, kwa sababu mwaka huu hakuna hata inzi mmoja aliyeusogelea umuvure. Hajawahi kuona. Anasema ni baraka kwa Mutoni.

Mimi sijala tangu habari hiyo ifike.

Inzi wa Masaka ninawafahamu. Inzi wale huingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Wakikimbia urwagwa, basi mti ulikunywa mafuta yangu na sasa unayarudisha. Nimefikiri kumwambia Xavérine. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua. Lakini nikisema leo, mama mkwe atajua, kesho Silvère atajua, na Hiace zitavuka barabara kwenda kwa Évode. Na huenda mafuta yamekaa juu tu. Huenda wageni watakunywa ya chini.

Nimepata njia nyingine. Mtungi utakuwa mmoja, katikati ya watu. Mtu anaweza kujikwaa.

Jumamosi, 21 Julai

Naandika nimelala. Xavérine amenikataza kukaribia jiko la mkaa, anasema nikicheua nyumba itawaka. Hatanii.

Tulifika Masaka saa sita. Évode naye alikuwepo! Mama mkwe alimwomba abebe viti kwa pikapu yake. Wageni wakaketi upande wao, sisi upande wetu, Silvère mbele kabisa na kofia yake magotini. Mtungi ukaletwa. Nikasimama, nikapiga hatua tatu, nikajikwaa. Nilijikwaa vizuri, nilikuwa nimefanya mazoezi uani. Mtungi ukainama. Évode akaruka kutoka kwenye kiti chake akaukumbatia kwa mikono miwili. Hata tone halikumwagika. Wakampigia makofi pande zote mbili! Bibi mmoja akamwombea uzao.

Kwetu mgeni hanywi kabla mwenye pombe hajaonja, ili ionekane haina sumu. Mama mkwe angeonja mwenyewe. Lakini alisimama mbele ya watu wote, akasema umuvure huu ungekuwa kuni kama si mkwewe Munyaneza, fundi, aliyeuziba kwa mikono yake bila kuombwa mara mbili, na kwamba leo heshima ya kuonja ni yangu. Hajawahi kunisifu. Miaka tisa! Alikuwa anatabasamu. Ningempenda sana siku nyingine yoyote.

Nikapiga goti. Nikashika mrija. Nikavuta.

Niseme ukweli humu, hakuna anayesoma. Ilikuwa taa. Ilikuwa taa nzima pamoja na utambi wake. Masikio yaliwaka, macho yakajaa maji, kitu kikapanda puani na kukaa huko. Mutoni alikuwa ananiangalia mlangoni, amevaa mshanana mpya wa sherehe, anasubiri. Nikameza. Nikacheka. Nikasema ni tamu, nikaongeza kwamba tangu nizaliwe sijaonja urwagwa kama huo, na hilo halikuwa uongo.

Silvère akavuta. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akaufuta mrija kwa kiganja, akampa Évode, akamuuliza kwa upole yeye kama fundi anasemaje. Évode akavuta, akakimbia nyuma ya nyumba, tukamsikia akitema. Alirudi amejishika tumbo. Akaomba radhi kwa wakubwa, kisha akasema hiyo ni mafuta ya taa, tena yaliyokwisha kutumika, na kama hakosei ndani yake mna gia ya Datsun.

Mama mkwe alinitazama, akautazama mtungi, akautazama ukanda wa bati wa umuvure ulioegemezwa ukutani. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mutoni akajifunika uso na kuingia ndani, na kilio chake kikasikika hadi kwa wageni. Hapo roho iliniuma kweli. Hiace nilizisahau kabisa, kwa muda.

Silvère ndiye aliyeinuka. Alisema posa si pombe, msichana hana kosa, wazee waendelee. Évode akawasha pikapu, akarudi na kreti sita za bia ya Primus, watu wakashangilia, Mutoni akaitwa akatoka, macho mekundu, posa ikakubaliwa. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha Silvère akaja kukaa karibu nami, sauti chini.

"Mashine yako ni nzuri, Munyaneza, nimeiona. Lakini mutu mwenye anakunywa mafuta ya taa na kuniambia ni tamu, kesho ataniambia nini juu ya freni za kusimamisha magari yangu?"

Nilicheua. Hiace zote tatu ni za Évode kuanzia Jumatatu.

Jumatatu, 23 Julai

Hiace zimepangwa mbele ya gereji ya Évode. Nyeupe, zote tatu. Nimefunga dirisha la upande huo.

Mama mkwe ameleta hukumu kupitia Xavérine. Umuvure wa zamani umepasuliwa kuni, nao ulivyowaka umewashangaza watu. Ninatakiwa kutafuta mchongaji, nimpe kazi ya umuvure mpya, mkubwa kuliko wa kwanza, ufike Masaka kabla ya harusi. Mpaka siku hiyo nisikanyage kwake. Xavérine aliniambia yote hayo bila kuniita Baba Akimana, kwa jina la mwanetu, hata mara moja. Nilikubali kila neno. Nimekosa, na mwanamume anapokosa hukiri. Kuchezea chombo cha mama mkwe! Sirudii tena, na nimeapa mbele ya Xavérine.

Jumanne, 14 Agosti

Umuvure mpya umefika leo kutoka kwa mchongaji. Nimeupokea mimi mwenyewe.

Yule mzee anajua kazi! Ni mrefu kuliko wa kwanza kwa mikono miwili. Tumbo limelainishwa mpaka linateleza, na upande mmoja amechonga mfereji mdogo wa kutolea maji, kitu ambacho ule wa zamani haukuwa nacho na ambacho nilikuwa nakihitaji sana. Injini nzima ya Hiace ingelala humo. Tena nimesikia kuna mwenye malori mawili Kicukiro, naye anatafuta fundi.

Nimekaa nikatafakari kilichotokea mwezi uliopita, kwa utulivu, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mazito, yanaingia kwenye mti na kukaa. Petroli ni nyepesi, inaruka yenyewe hewani. Laiti ningetumia petroli tangu mwanzo, leo Hiace zingekuwa uani kwangu na mama mkwe angekuwa bado ananisifu.

Utafuatwa Jumamosi. Leo ni Jumanne. Xavérine ameuliza mbona nimeufunika turubai. Nimemwambia mti mpya hauvumilii jua.