Hotuba Yangu na Vidonge vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Hotuba ya ukoo natoa mimi! Nani mwingine? Nimebaki peke yangu niliyeiona nyumba ya ukoo tuliyoikimbia kule kwetu: baraza lake, mlango uliokwama kila mvua iliponyesha, na kila aliyelala humo. Nisipoyataja majina yao, nitazikwa nayo.

Kizuizi kimoja tu. Tezi dume. Imevimba, hainiachi nikae hata kwa urefu wa salamu. Binti yangu anataka niende kliniki. Nimemjibu kwamba msomi wa rika langu hapimwi na kijana mwenye glavu. Nimejinunulia virutubisho vya mbegu za maboga. Kopo linaahidi mkondo wa ujana.

Jumanne, 4 Machi

Ujana haujafika. Nimemrudia muuzaji, anayejiita Daktari Mimea ingawa mwaka jana alikuwa akiuza mapazia. Akaniuliza nameza kwa maji kiasi gani. Funda moja, nikasema. Alicheka mpaka akashika meza. Eti mzee wangu, hii inataka jagi zima, tena usibakize tone!

Nimetii. Nimeshinda chooni. Dalili njema: dawa inafanya kazi.

Jumatano, 5 Machi

Kaja Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, fundi cherehani mstaafu. Watoto humwita Nanga, maana akikaa, amekaa. Akaniambia kwa sauti ya upole (ya kughushi) kwamba nikizidiwa, yupo, atahutubia yeye. Yeye! Aliyezaliwa hukuhuku, nyumba yetu anaijua kwa kusimuliwa!

Alikaa tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri bila kunyanyuka. Mimi nilinyanyuka mpaka mto wa kiti ukasahau umbo langu. Na umri wetu ni mmoja. Lazima ana siri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtembelea. Nikaomba choo, safari hii nikiwa na sababu mbili. Kabatini, nyuma ya sabuni: kichupa cha vidonge vyeupe, lebo imefutika kwa majimaji. Nimechukua viwili. Nauita utafiti.

Jumamosi, 8 Machi

Nilivimeza vyote viwili kabla ya kufunga tai.

Nilianza vizuri. Baraza. Mlango. Nikafika kwa bibi yangu, kisha... mafuriko! Nilikimbia na maikrofoni mkononi. Ukumbi mzima ulisikia yaliyofuata. Nikarudi, nikamtaja mjomba, nikatoka tena. Mtu wa meza za nyuma akapaza sauti kwamba leo Mzee anahutubia kwa awamu.

Nilimwona Shemeji anasimama. Nimekwisha, nikawaza. Kumbe alikuja kunishikia mlango. Bi harusi akawaambia wapishi wasipakue kwanza: majina ni ya Babu, tutamngoja.

Wakangoja. Niliyasema yote, hata la mtoto mchanga tuliyemzika siku ya kuondoka. Baadaye nililia kidogo. Chooni, bila shaka.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja. Akaniuliza, huku akitazama dari, kama nimeviona vidonge vyake viwili vya presha vilivyopungua, vile vya kupunguza maji mwilini. Daktari wa kliniki amemruhusu, siku ya shughuli au ya kutembelea watu, avimeze akisharudi nyumbani, maana vinamkimbiza chooni kama mwizi.

Na tezi dume? Alitibiwa mwaka juzi kliniki. Na kijana mwenye glavu. Mpole sana, kasema. Kaniombea miadi ya kesho na atanisindikiza mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akasema, shemeji yangu, wewe umezeeka vibaya. Nimekubali kwenda. Yatosha! Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki. Foleni ndefu, viti vigumu. Shemeji amekaa kama ilivyo ada yake. Nikanyanyuka kwenda chooni, na koridoni nikakutana na bwana mmoja mwenye mkoba, mtu mstaarabu, anayejua kunong'ona. Ana unga wa magome. Unapakwa kitovuni. Haunywewi!

Haunywewi! Basi kosa langu wiki nzima lilikuwa maji.

Muuguzi aliita jina langu, akarudia kwa nguvu zaidi. Nikamsikia Shemeji naye akiniita. Sikuweza kuitika. Nilikuwa nimeshafunua shati.