Uzinduzi wa Kituo cha Nondo Katika Banda la Chai

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Katibu, ambaye ametuma radhi zake. Chifu wetu, naibu wa Chifu na yule anayemshikia naibu mwavuli. Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi marefu, na Katekista uliyekuwa na yako tayari ukakosa nafasi. Akina mama wa kwaya. Bwana Mose, karani wa kituo hiki cha kununulia chai. Wakulima wote wa Ekerenyo mliosimama na magunia yenu kwa nidhamu ya hali ya juu. Itifaki ikiwa imezingatiwa, kisha ikazingatiwa tena, nawasalimu kwa lugha ya nyumbani: bwakire! (Umati: "Bwakire buya!") Sijasikia. Bwakire! (Umati: "Bwakire buya! Pima chai!") Asanteni sana.

Mimi, Thadeus Angwenyi, Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Uratibu wa Wadudu Warukao, mtoto wenu wa hapa hapa, kijana wa zamani mwenye tumbo la kisasa (vicheko), nimesimama mbele ya mizani hii, ambayo kama mnavyoona tumeizungushia utepe, ili kuzindua rasmi Kituo cha Kimataifa cha Uainishaji na Anatomia ya Jenasi za Nondo, mradi uliopitia warsha kumi na nne, saba kati yake zikiwa za kupanga zile saba nyingine, na ambao sasa umeshuka mashinani kwa stekiholda, yaani wadau wenyewe. Wenye wivu walisema hakuna atakayehudhuria. Leo nahesabu magunia mia mbili na kumi, na nyuma ya kila gunia mwananchi mwenye kiu ya sayansi! (Mzee Masese, kutoka kwenye foleni: "Sisi tumekuja kupimiwa chai!") Mzee wangu, kuja ni kuja. Mahudhurio yameshaandikwa.

(Mama mmoja anainua mkono bila kungoja ruhusa. Ni Bathsheba, wa kwanza kwenye foleni: "Bwana Angwenyi, nimechuma tangu saa kumi na mbili. Hebu tia mkono ndani ya gunia usikie joto. Haya majani yakigeuka mekundu kiwanda kinayakataa, na lori linaondoka saa sita kamili!") Mama Bathsheba, hoja yako nimeipokea kwa mikono miwili na nimeipeleka kwenye kamati ndogo. Sasa ni saa sita kasoro dakika ishirini. Nitakuwa mfupi. (Umati unaguna kama mtu mmoja.)

Nondo, ndugu zangu, ana sehemu tatu: kichwa, kifua na fumbatio. Hilo la fumbatio lilinipa shida shuleni, na mwalimu wangu wa baiolojia yuko hapo nyuma, namwona anatikisa kichwa, lakini leo nalitamka bila kusoma karatasi. Ana miguu sita, yote kifuani. Ana mabawa manne yenye magamba madogo kama vumbi, ndiyo maana ukimshika anakuachia unga vidoleni. Ana papasi mbili kichwani, na wataalamu wetu, baada ya kufanya bechimaki, yaani ziara ya kujifunza kwa wenzao, katika hoteli tatu zenye taa kali, wamethibitisha kwamba dume mara nyingi papasi zake ni kama manyoya ya ndege, ili aweze kumnusa jike aliye mbali. (Mwanaume mmoja: "Kama Mose!" Karani anajificha nyuma ya daftari lake.) Tusiingilie ya watu. Na mdomo wake ni mrija unaojikunja kama kamba, ingawa zipo spishi ambazo zikishakomaa hazina mdomo wa kufanyia kazi yoyote. (Bathsheba: "Hiyo ndiyo mngetuletea itoe hotuba!" Kwaya inaangua kicheko.)

Naendelea. Kuhusu uainishaji, asilimia tisini na tatu ya nondo wa ukanda huu hawajaainishwa, na asilimia saba iliyobaki iliruka kabla ya kuhesabiwa. Katika feizi ya kwanza, kila nondo atapewa jenasi. Katika feizi ya pili atapewa spishi, na mojawapo, kwa shinikizo la wananchi ambalo nilijaribu sana kulikataa, itaitwa kwa jina langu. Katika feizi ya tatu...

(Honi ya lori. Dereva Bosire anachungulia dirishani: "Dakika tano, wazee! Nikitoka hapa sirudi!" Foleni inasonga mbele hatua tatu.)

Basi nashukuru. Namshukuru Bwana Mose kwa kutuazima banda hili kwa saa moja. Nawashukuru akina mama wa kwaya kwa kitambaa kilichofunika maabara yetu hapa nyuma yangu, ambayo, sasa upepo umekifunua, naona na nyinyi mnaona kwamba ni meza mbili za kuchambulia majani. Namshukuru mwalimu kwa mchoro wa nondo uliotundikwa ukutani, ambao nanong'onezwa hapa kwamba ni wa kipepeo. Na namshukuru fundi wa bango, anayeling'oa sasa hivi kwa sababu saa nane kituo hiki kinazinduliwa Ikonge, kama kilivyozinduliwa Keroka juzi, na kote huko wananchi wamekipokea kwa shangwe bila hata kukiona. Nondo oyee! (Watu wanafunga vinywa vya magunia.) Sayansi mashinani! (Bathsheba anajitwika gunia lake.) Chai oyee! (Umati: "Oyeee!" Foleni inasukuma kuelekea mizani na utepe unakatika.)

Polepole, Mama Bathsheba, usinikanyage, mimi nina mguu mbovu... haya, lete upande huu nishike. Ee Mungu wangu, lina joto kweli! Mose, pima haraka! Ngapi? Kilo ishirini na nane, na Bosire amelipokea! (Makofi, ya kwanza tangu asubuhi.) Mpiga picha, hiyo umeipata? Andika kwenye ripoti: sampuli zilizokusanywa, kilo ishirini na nane. Gunia linalofuata!