Injini Chini ya Redio ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimetolewa maneno na mke wangu hata chai sijanywa! Amesema mwezi huu usiishe lori lile likiwa bado uani. Liondoke kwa magurudumu yake au liondoke kwa kilo kama chuma chakavu, kwake ni sawasawa tu. Kwa kilo! Lori langu la safari! Matairi yote manne yanavuta, mgongoni kuna kijumba chenye kitanda, jiko la gesi, sinki na dirisha la kusukuma. Kasoro yake ni moja, injini. Inagonga, inakula oili kama imelaaniwa, na ukiiwasha majirani wanafunga madirisha. Sasa hilo ni la kupigia kelele? Ni kufumua injini tu, kubadilisha pistoni na ringi, kufunga upya, kwisha. Mimi ni mwalimu wa nadharia katika shule ya udereva. Miaka nenda miaka rudi nawaambia wanafunzi kwamba likizo ijayo naenda ziwani na lori langu. Nikiliuza kwa kilo nitasimama vipi mbele ya ubao?

Lakini kikwazo si injini. Kikwazo ni mama mkwe. Alikuja kwa wiki mbili, paa la nyumba yake likitengenezwa. Akaona ndani kwetu kuna joto, akahamia kwenye lori. Paa lilikwisha zamani, na shemeji, kaka wa mke wangu, amekwishampangisha mtu humo. Na injini ya lori langu hufunguliwa kwa ndani, kifuniko kiko kati ya viti viwili vya mbele. Juu ya kifuniko hicho mama mkwe ameweka redio yake. Kwenye usukani ameanika nguo ambazo mkwe hapaswi hata kujua kama zipo duniani. Nipite wapi? Nimwambie aliyemzaa mke wangu aanue? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Moshi!

Jioni mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kijumba, anachambua mchele. Nikajilaza chali chini ya lori, nikagusisha bisibisi kwenye stata. Likawaka! Likakohoa, likagonga, likamwaga moshi hadi ua wote ukapotea. Nikatulia kule chini nikisubiri makelele na mizigo kufungwa. Nikasubiri. Moshi ulipopungua nikaona miguu ya mama mkwe imesimama kando ya kichwa changu. Akaniuliza kama baba, yaani mimi mkwe wake, yu salama huko chini. Halafu akanishukuru! Eti mbu walikuwa wanamtesa na sasa wamekimbia wote. Akamwita mke wangu aje asikie, mkwe mwenye moyo kama wangu hapatikani siku hizi. Ameomba niwe nawasha kila jioni.

Kwa hiyo kuanzia kesho mimi, mtu mzima na kazi yangu, nitakuwa nalala chini ya lori kufukuza mbu.

Ijumaa, 7 Machi

Moshi umenishinda, nimeita fundi. Namjua tangu ujana, tulicheza timu moja, yeye golikipa. Golikipa gani! Mpira ulikuwa unampita huku anafunga kamba za viatu. Lakini injini anazijua, na ni mjane asiye na haraka ya kurudi nyumbani, kwa hiyo bei yake si kali. Nilimkalisha pembeni nikamfundisha la kusema, neno kwa neno: injini ifumuliwe upesi, na aliyemo ndani ahame kwa usalama wake. Nikamwambia arudie. Akarudia vizuri kabisa.

Akapanda ndani. Mama mkwe akamkaribisha chai. Nikasikia kijiko kinakoroga, kinakoroga, mpaka nikashangaa ni chai ya watu wangapi. Alipotoka akanitangazia mbele ya mke wangu kwamba injini ya aina hii haifunguliwi kwa pupa. Lazima kwanza isikilizwe siku kadhaa. Isikilizwe! Imezimwa!

Nilimkata jicho, akafuta miwani.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja kula kwetu, kama kawaida yake siku ambayo kwake hakupikwi. Anauza mapazia na anavaa miwani ya jua hata mezani. Amecheka lori langu mpaka akapaliwa, na sikumpiga mgongo. Anasema kufumua injini ya gari la umri ule ni kumvisha maiti viatu vipya. Anaye mnunuzi wa chuma chakavu, anaweza kumleta hata kesho. Na lori likishaondoka, mama ahamie kwenye chumba changu cha ramani, chumba kile kina upepo mzuri.

Chumba changu cha ramani! Humo ndimo nilimopanga njia yote ya kwenda ziwani, kituo kwa kituo! Sasa nimeelewa njama yao. Nikiuza, nakosa lori na chumba. Injini ikifufuka, lori linasafiri, na mama atahamia kwa mwanawe mwenye miwani. Uamuzi umekwishafanyika. Nafumua! Nimemtazama shemeji akichukua kipande cha tatu cha kuku, nikatabasamu tu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi amekuja tena kusikiliza. Leo alivaa shati lililopigwa pasi na kunukia marashi. Fundi gani anapigia pasi shati la kazi? Nikamshtukia papo hapo: anajipandisha hadhi ili aje anipandishie bei. Mimi si mtoto.

Alifungua nati moja. Moja! Kisha wakawasha redio na mama mkwe, eti muziki unasaidia kupima mtetemo wa sakafu. Nilisimama nje na spana zake mkononi kama mtumishi. Mama mkwe alikuwa anacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, na mimi ndiye niliyemfanyia mzaha miaka yote hiyo bila hata kupata tabasamu. Nikamwuliza mke wangu kuna kichekesho gani kwenye injini. Akaniangalia sana, akasema mimi nimeumbwa peke yangu. Nimelichukua kama sifa.

Ijumaa, 14 Machi

Yamenifika hapa! Fundi amekuja na maua. Maua, jamani! Nikamkabili getini. Nikamwambia simlipi kwa kupamba lori, ama afumue injini leo hii au nimwite fundi mwingine mwenye akili timamu. Nikamkumbusha na magoli aliyofungwa. Akasikiliza kwa upole wote, akasema nimepandwa na hasira bure, akapita na maua yake.

Jioni mke wangu akaniletea salamu kutoka kwenye lori. Mama amesikitika. Hakutegemea mkwe wake angemfokea mtu mzima namna ile. Mtu mzima! Ananizidi miaka miwili!

Na bado nilikwenda kuwasha moshi wa mbu. Mtu aone nilivyo na subira.

Jumapili, 16 Machi

Makubwa! Mama mkwe anaolewa. Anaolewa na fundi!

Nimekuwa wa mwisho kujua. Mke wangu anasema hata mnunuzi wa chuma chakavu aliyepita hapa kwa dakika chache aliwaona kwenye ngazi ya lori akawapa hongera. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema walidhani nimeona, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale pale.

Mwanzo nilifurahi. Mama mkwe anaondoka! Anakwenda kwa mumewe! Nimeshinda! Nikazunguka lori langu nikilipapasa. Kisha fundi akaingia getini, mke wangu akapiga goti kidogo, akamsalimia kwa heshima zote, akanigeukia mimi. Zamu yangu. Damu ikanipanda kichwani. Golikipa! Lakini nitafanyaje, mke ananitazama, mama mkwe ananitazama. Nikasema shikamoo baba.

Hakuwa na haraka ya kujibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, ndipo akasema marahaba mwanangu.

Sikula chakula cha usiku.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike, maana leo nimefanya jambo la akili kuliko yote maishani mwangu.

Harusi ilikuwa ndogo, sebuleni kwetu. Ukafika wakati wa zawadi. Shemeji akasimama, miwani usoni, akatangaza kitanda cha mbao ngumu na jokofu jipya. Makofi! Vigelegele! Wageni wakamwita mwanaume. Kisha wote wakanigeukia mimi. Mfukoni nilikuwa na seti ya vikombe sita, yaani risiti yake, vikombe vyenyewe viko dukani. Nikamwona shemeji anatabasamu upande. Roho ikanipasuka. Nikasimama, nikasikia sauti yangu inasema kwamba mimi mkwe wao, kwa mapenzi niliyonayo, nawapa lori. Lote. Na kadi yake.

Nyumba ililipuka! Mama mkwe alilia. Baba mkwe alinikumbatia hadi miwani yake ikaning'inia sikioni kwangu. Shemeji alivua ya kwake, mara ya kwanza nimemwona macho. Wageni walinibeba juu juu, jamani, walinibeba!

Nilipoteremshwa ndipo hesabu ikanijia, na ni hesabu safi kabisa. Lori likiwa langu, fundi ananisikilizia injini. Likiwa lake, atafumua kwa mikono yake na vipuri vyake. Likishapona, mimi nani? Mkwe. Mkwe huazimwa lori. Nitaliazima likizo hii, na ijayo, na zote. Nimelipata lori zima bila kutoa hata senti ya ringi! Nilimweleza mke wangu mpango huu chumbani. Alikaa kitandani akacheka mpaka akashika ubavu. Furaha ya kujua umeolewa na mtu mwenye kichwa.

Jumatano, 26 Machi

Siku tatu! Amefumua, amebadilisha pistoni na ringi, amesugua, amefunga. Siku tatu tu! Kwangu injini ile ilihitaji muziki na chai. Kwake imehitaji spana!

Leo ameiwasha mbele yetu. Haigongi. Haina hata uzi wa moshi. Inanguruma taratibu hadi unatamani kulala kando yake. Miaka yote niliyoisubiri sauti ile, na nimeisikia nikiwa nimeshika ndoo ya oili chafu ya baba mkwe. Nilimwomba niizungushe hata hapa mtaani. Akasema injini mpya inataka mguu mwepesi, mwanangu. Mimi ninayefundisha watu kuhusu mguu mwepesi!

Ijumaa, 28 Machi

Wameondoka kwenda fungate. Wanakwenda wapi? Ziwani. Ziwani kwangu! Na ramani zangu! Mama mkwe aliziomba kwa mke wangu, mke wangu akazitoa zote, na penseli.

Jana nilijikaza nikaenda kwa adabu kumwomba baba mkwe niwasindikize, hata nikae kiti cha mbele na kulala nje. Akafikiri sana. Akasema injini ikitoka kufumuliwa haitakiwi kubebeshwa uzito.

Kwa hiyo asubuhi nilikuwa darasani, nafundisha alama za njia panda. Tukasikia honi. Lori langu likapita nje ya dirisha, limeoshwa, linang'aa, pazia la shemeji dirishani. Wanafunzi wakaruka kutoka vitini. Mwalimu anakwenda ziwani! Mwalimu anakwenda! Wakapiga makofi, wakapunga mikono. Likaishia kwenye kona, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka wakanikuta nimesimama ubaoni na chaki.

Roho imeniuma, sifichi. Niliwaambia tuendelee na njia panda, nikageukia ubao.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Mwezi umekwisha, ua ni mweupe, mke wangu anaimba. Na mtu wa kulipia fedheha zote hizi amejileta mwenyewe.

Baba mkwe aliniachia ufunguo wa karakana yake. Kazi yangu ni kufagia tu na kuwaambia wateja warudi akirejea. Nilikuwa nafagia, nimevaa ovaroli yake ili nisijichafue, shemeji akaingia na gari lake dogo, bado kiti kina nailoni ya dukani. Linatoa mlio mdogo likiwashwa asubuhi. Alimtaka baba. Nikamwambia baba amenikabidhi kila kitu. Nikamwambia awashe. Nikainamisha sikio, nikafumba macho, nikatikisa kichwa polepole. Shemeji akavua miwani. Nikamwambia nasikitika sana, injini ni ya kufumua.

Mungu anisamehe, uso wake ulinipa raha! Nilitaka nimwache ateseke hadi jioni, kisha nimwambie nimeiponya kwa kuigusa. Lakini alipokwisha kuondoka nikafikiri, baba mkwe amefumua lile lori kubwa kwa siku tatu. Hiki kigari kidogo kitanishinda nini? Nami nimeshika ndoo nikiangalia mwanzo mpaka mwisho.

Saa tisa sasa. Injini yote iko chini juu ya maboksi, imepangwa vizuri. Nimegundua kwamba mlio ulikuwa wa mkanda, umelegea tu, ungekazwa kwa nati moja. Si neno, nimeukaza. Imebaki kurudisha vingine. Shemeji anakuja kulichukua saa kumi, na mke wangu nimemwambia apike vizuri leo, kaka yake atakuwa na la kunishukuru.