Kidevu cha Mkurugenzi

Siku mkuu wa bohari alipoagwa kwa soda na hotuba, wenzake waliitazama keki. Mafuta alikitazama kiti cha huyo mkuu. Kilikuwa kiti cha kuzunguka, chenye mgongo wa ngozi, na Mafuta aliona wazi kabisa kwamba kinamwita.

Tusimsingizie: kazi ya bohari hakuijua. Kampuni ilitengeneza vitanda na makabati, na muda wote aliokaa pale alikuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba nyuma ya magodoro kuna ubaridi mzuri wa kulala. Jina la Mafuta alipewa na wapakiaji, maana kila lawama ilimteleza.

Lakini cheo alikihitaji kwa kufa na kupona. Dada yake mkubwa alikuwa ameshamwambia kwamba nafasi hii ikimpita, arudi kwenye duka la kinyozi waliloachiwa na marehemu baba yao, akasaidiane na shemeji yake. Mafuta alikulia katika duka lile. Utoto wake wote aliumaliza akifagia nywele za watu, na siku alipopata kazi ya kuvaa shati lenye kola aliapa kwamba wembe hatashika tena.

Vyeti hakuwa navyo, ila shemeji alikuwa naye. Na huyo shemeji, mume wa dada, ndiye aliyemnyoa Mkurugenzi ndevu kila Jumamosi asubuhi.

"Shemeji," Mafuta alimuuliza, "mtu mwenye wembe kooni anabisha?"

"Hata kukohoa hakohoi."

"Basi hapo ndipo unitaje mimi."

Shemeji, ambaye naye mjini hakuja kushangaa magari, alikubali mara moja. Alitoa sharti moja tu. Kidevu cha Mkurugenzi kilikuwa kipana, akasema, na sifa tupu zingeisha kabla hajafika upande wa pili. Apewe kitu cha maana cha kusema kuhusu hiyo bohari.

Hapo Mafuta akakwama, maana habari za ubaridi wa magodoro zisingefaa. Akamwendea Miwani, karani aliyeijua bohari nje ndani na aliyekitaka kiti kilekile hadi usingizi ukampaa. Miwani alikuwa mchoyo wa kila kitu, hata kalamu yake aliifunga kwa uzi. Mafuta alimsogelea na kumnong'oneza kwamba shemeji yake yuko tayari kulitaja jina la Miwani mbele ya Mkurugenzi, ndani ya povu, mahali ambapo adui hafiki. Kilichotakiwa ni maelezo kidogo tu ya jinsi Miwani angeiendesha bohari.

Miwani akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamwaga yote.

"Vitanda vinarudishwa kwa sababu vinaondoka bila skrubu," alisema. "Vitanda viko mlango huu, skrubu ziko kwenye madebe mlango ule. Tia skrubu za kila kitanda kwenye kifuko, kifuko ukifunge kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Basi. Wala usimwambie mtu."

Mafuta alimwambia mtu. Kila wiki alichota kwa Miwani, akampelekea shemeji, na shemeji akammiminia Mkurugenzi sikioni. Kwa kushukuru, Miwani alimfanyia Mafuta kazi zake zote, naye Mafuta akalala kwa amani ya mtu anayeshughulikia maendeleo yake.

Habari zilizorudi zilikuwa njema. Mkurugenzi amefurahi, shemeji alisema. Amesemaje? Ameguna. Ameguna vipi? Ameguna vizuri. Mafuta akaanza kukijaribu kile kiti wakati wa chakula cha mchana.

Ikatangazwa kwamba mkuu mpya atatambulishwa Jumatatu. Mafuta alikwenda kwa shemeji kuazima tai, shemeji akamwambia kwa masikitiko kwamba Jumatatu ataihitaji mwenyewe. Mafuta, mjanja wa mjini, hakuuliza kinyozi anaihitaji tai ya nini.

Jumatatu wote walijipanga uwanjani. Mkurugenzi alisema ametafuta sana mtu mwenye akili ya bohari, akamkuta mahali asipomtarajia. Mafuta akakohoa, akavuta mguu mbele. Mlango wa gari la Mkurugenzi ukafunguka, na ndani ya tai akashuka shemeji.

Mafuta alimnasa baadaye nyuma ya magodoro. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuteleza.

"Ulisema utanitaja."

"Nilikutaja, shemeji. Jumamosi ya kwanza kabisa. Akauliza, huyo si yule anayelala nyuma ya magodoro? Nikaona jina linaharibu maneno mazuri. Nikaliacha jina, nikaendelea na maneno."

Mkuu mpya, kwa kuwa skrubu alizijua kwa kuhadithiwa tu, alitafuta kwanza chanzo cha hadithi. Miwani akawa msaidizi wake siku ileile, akapewa na kiti cha ngozi, maana shemeji alizoea kufanya kazi amesimama. Amri ya kwanza ya Miwani ilikuwa magodoro yote yasukumwe hadi ukutani.

Jioni dada alimkuta Mafuta amejiinamia mlangoni kwake. Alimhurumia, lakini si sana.

"Uliniambia cheo kinakuja nyumbani kwetu," alisema. "Kimekuja. Sasa dukani hakuna mtu."

Jumamosi, Mafuta alikuwa amevaa aproni. Mkurugenzi aliingia, akakaa, akaegemeza kichwa na kufumba macho. Mafuta alimpaka povu, akanoa wembe, na alipouweka chini ya kile kidevu kipana moyo wake ukachangamka upya. Koo hili hapa, na sikio lile pale.

"Bosi," alianza kwa sauti laini, "kuna jambo nimekuwa nikiliwaza kuhusu ile bohari."

Kidole cha Mkurugenzi kilichomoza kutoka chini ya shuka.

"Nyoa tu, kijana. Yule wa kwanza nilimwacha aongee, nikapoteza kinyozi mzuri."

Mafuta akanyoa.