Pama Ngumu ya Bawabu

Jumatatu, tarehe 6
Sijapata kuona mtu mwenye sura ya ubawabu kunizidi mimi, na vioo nimetazama vingi. Hoteli imenipa wiki ya majaribio. Imenipa na kofia ya pama, ya sufu, ngumu kama karai. Inakaa juu ya kichwa changu kama mfuniko wa sufuria isiyo yake. Nikiinama kumkaribisha mgeni, inatangulia. Leo imetangulia mara tatu. Meneja kasema Ijumaa kuna wageni wakubwa. Kofia ikianguka mbele yao, na mimi nianguke nayo hadi kwetu. Sawa. Italainika tu.

Jumanne, tarehe 7
Nimeikalia asubuhi nzima. Alama nimepata mimi, yenyewe haina hata moja. Nikaitwanga kwa mchi. Sasa inatazama kushoto. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuja kwetu kwa siku mbili na huu ni mwezi wa tatu. Akauliza, kutoka kwenye kochi, kama nimeshaiua au bado inapumua. Asiye na kazi hawezi kumbabaisha bawabu.

Jumatano, tarehe 8
Nimekwenda kwa fundi kofia. Akaitazama pama, akasema pole. Sijui alikuwa anampa nani. Akanieleza: chemsha maji, ishike kwenye mvuke, usiitumbukize. Ikandekande ukingo hadi kisogoni mpaka ilegee. Kisha ivae mbichi saa mbili, bila kuivua, ikaukie kichwani. “Itashika umbo la kichwa ilichokaukia, kijana wangu.” Nikamwambia hilo naliweza hata nikiwa usingizini.
Mvuke umeniunguza vidole vinne. Birika la Mama limekauka maji na kuungua kitako. Mama kauliza kama siku hizi tunakunywa chai au tunakunywa kofia. Kofia haikulegea. Nami sikulegea.

Alhamisi, tarehe 9
Siku yangu ya mapumziko. Mvuke tena, safari hii kwa sufuria, maana birika limefichwa. Nimekanda mpaka mabega yakauma. Pama ikawa laini kama sikio la paka! Nikaivaa. Dakika ya tano, jasho. Ya nane, kichwa kikawasha. Ya kumi, nikasikia kelele za penalti uwanjani. Shemeji alikuwa anakoroma kwenye kochi. Nikajiambia kichwa ni kichwa. Nikamvisha polepole, nikaondoka. Niliporudi bado anakoroma, na kofia imekauka, safi, haina kona hata moja. Mimi nina akili mpaka naogopa.

Ijumaa, tarehe 10
Pama inanifika puani. Kumbe kichwa cha Shemeji kingetosha watu wawili. Sikukata tamaa. Nikajaza magazeti ndani, nikasimama mlangoni. Wageni wakashuka kwenye gari. Nikainama. Magazeti yakamwagika, kofia ikanifunika, na nikaikaribisha nguzo kwa heshima zote, nikaiuliza na habari za safari.
Shemeji alikuwa ameniletea chakula. Meneja akanivua kofia, akamwangalia Shemeji, akamvisha. Ikamkaa kana kwamba amezaliwa nayo. Akamwambia ainame. Akainama. Haikutikisika. Kazi kapewa palepale. Na chakula changu kakila yeye, eti yuko zamu.

Jumamosi, tarehe 11
Dada kalia kwa furaha. Mama kampa Shemeji kikombe changu. Kochi limebaki tupu, nimelichukua mimi. Shemeji kapewa na viatu vya kazi, vinambana. Nimejitolea kuvilainisha: kuvilowesha, kisha vivaliwe mpaka vikauke. Nimeshampata wa kuvivaa, jirani yetu mlinzi, hulala mchana kutwa na miguu yake iko nje ya dirisha.
Ila humu hakuna anayesoma, basi niseme. Fundi hakukosea. Kofia haikuwa na tatizo, wala kichwa cha Shemeji. Niliambiwa nikae saa mbili, nikakaa dakika kumi.